Mpaka Nitakaposema Basi

Jumatatu, 16 Machi

Shule zimefungwa. Redio ilisema jana jioni, na leo asubuhi mwalimu mkuu amethibitisha kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa mzigo usio na pa kushikia: "Nendeni nyumbani, mkae, mngoje." Tungoje nini, hakusema. Nadhani naye anangoja kuambiwa.

Naandika haya kwenye daftari la maandalio ya masomo, maana ndilo pekee lililokuwa mkobani. Lina safu za Lengo, Vifaa na Tathmini. Basi leo: Lengo, kukaa. Vifaa, kiti. Tathmini, mwanafunzi ameweza.

Darasa la sita niliagana nao Ijumaa bila kujua kwamba naagana. Lilikuwa somo la hali ya hewa. Niliwaambia kila mmoja atafute kopo lililonyooka ubavu, aliweke uani mahali peupe, na kila siku saa tatu asubuhi apime maji kwa rula, aandike, kisha amwage. Nilikusudia siku saba tu, tupate cha kuchorea grafu. Lakini mwalimu akishika chaki hupenda kunena makubwa. Nikasema, "Msiruke hata siku moja, mpaka nitakaposema basi."

Mkono ukapanda nyuma. Nilijua ni wa nani kabla sijageuka. Kuna msichana tunayemwita Wakili, kwa sababu hajawahi kuiacha sentensi yangu ipite bila kuisimamisha na kuipekua.

"Hata Jumapili, Mwalimu?"

"Hata Jumapili."

"Na mtu akiugua?"

"Hata ukiugua. Mvua haiugui."

Darasa likacheka. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba leo nimesema neno. Kengele ikalia.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Nimelala.

Alhamisi, 19 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni, maana yake sebule ni yake. Anashona barakoa za zahanati. Leo amenitazama nikipita mara ya nne kwenda kuchungulia jikoni, akaniuliza bila kuondoa mguu kwenye pedali:

"Mwalimu, unatafuta nini?"

"Natembea tu."

"Basi tembea na mkasi."

Nikapewa kazi ya kukata nyuzi. Mpaka jioni nilikuwa nimekata nyuzi, kidole, na mikanda miwili ya masikio ambayo haikuwa nyuzi. Nimeshushwa cheo. Sasa nakunja.

Jumapili, 22 Machi

Amekuja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Amesimama nje ya mlango, mimi ndani, tukaongea kwa sauti kubwa kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na sasa anafungua la pili, la rangi tupu. Anataka mtu mwaminifu wa kulisimamia.

"Shemeji, wewe mtu wa hesabu, mtu wa sayansi, unaongea na watu vizuri. Unafanya nini kule kwenye vumbi la chaki?"

"Nimefundisha miaka ishirini na minne."

"Najua. Na wameelewa?"

Nikacheka, kama ninavyocheka mtoto anaponiuliza swali nisilojua jibu lake.

Anataka jibu mwisho wa mwezi ujao. Nikikubali, barua ya kuacha kazi ni lazima imfikie mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa. Alipoondoka nilimwangalia mke wangu. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na mtu anayetunga uzi haulizwi kitu.

Jumatano, 25 Machi

Mvua kidogo. Siku haina kitu.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda dukani kununua sabuni. Kijana mmoja mrefu mwenye ndevu akasimama hatua tatu, akashusha barakoa ili nimtambue. Sikumtambua.

"Mwalimu! Ulitufundisha sayansi!"

Moyo ukachanua. Nikamuuliza anakumbuka nini.

Akafikiri kweli, kijana wa watu. Akakunja uso. "Nakumbuka ulivyokuwa ukipiga chafya, Mwalimu. Mara saba mfululizo. Tulikuwa tunahesabu. Siku moja ulifika tisa."

Nimerudi na sabuni. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kitu kuhusu kibaba chenye tundu.

Mke wangu kacheka mpaka uzi umekatika. "Angalau walihesabu," akasema. "Si ulikuwa unawafundisha hesabu pia?"

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Ujumbe kwenye simu kutoka namba nisiyoijua: "Shikamoo Mwalimu. Ukurasa umejaa. Tuendelee?"

Wazazi siku hizi hawaishi maswali: watoto wasome kitabu gani, warudie sura ipi. Nilikuwa nimeshika pasi. Nikajibu kwa kidole kimoja: "Marahaba. Endeleeni vizuri." Ndilo neno ninaloandika kwenye ripoti zote za mwisho wa muhula, kwa wanaoweza na wasioweza. Halijawahi kumdhuru mtu.

Alhamisi, 9 Aprili

Shemeji ametuma picha ya rangi tatu za kijani, anauliza ipi ikae mlangoni mwa duka. Mimi naona kijani kimoja mara tatu. Nimemjibu ya katikati.

Jumatatu, 13 Aprili

Hakuna jipya.

Ijumaa, 17 Aprili

Shemeji ameleta ufunguo wa duka la rangi. "Ukae nao tu, uzoee uzito wake," akasema. Huyu angekuwa mwalimu mzuri. Nimeutundika kwenye msumari kando ya kalenda, pale ninapouona nikinywa chai.

Nimemuuliza mke wangu waziwazi, "Wewe unaonaje?"

"Mimi naona nyuzi. Umeacha nyuzi tatu kwenye hii."

"Nauliza habari ya duka."

Akasimamisha cherehani. Ukimya ulipoingia niligundua kumbe mvua ilikuwa inanyesha tangu saa nyingi. Nilidhani ni mashine. Akasema, "Baba watoto, miaka yote ukirudi shule nakusikia unasema hawa watoto hawasikii. Kama kweli hawasikii, nenda kauze rangi. Rangi haina masikio, haitakuvunja moyo. Lakini kwanza uwe na hakika."

Mguu ukarudi kwenye pedali.

Jumatano, 22 Aprili

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Aya mbili. Nimeikopi kwenye karatasi ngumu kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa ubaoni siku ya mkaguzi. Imekaa juu ya kabati. Miaka ishirini na minne imeenea vizuri kwenye nusu ukurasa.

Alhamisi, 23 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi mke wangu alinituma zahanati na mfuko wa barakoa. Nikapita njia ya nyuma kukwepa matope, kule kwenye nyumba za kupanga zinazotazamana uani. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Kwenye ua wa kwanza nikamwona mtoto amechuchumaa mbele ya kopo lililozungushiwa mawe matatu, rula mkononi, jicho moja amefumba, pua inakaribia kugusa maji. Ni mmoja wa mapacha wa darasa langu, yule mkubwa.

Aliponiona hakushtuka. Alisimama kama askari aliyekutwa zamuni na afande wake.

"Shikamoo Mwalimu. Kumi na moja."

"Marahaba. Kumi na moja nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Milimita, Mwalimu."

Naapa, nilisimama pale na mfuko wangu nikiwa sielewi. Kisha ule ua ukaniingia wote kwa pamoja: kopo lililonyooka ubavu, mahali peupe, saa tatu asubuhi. Nikamuuliza kwa sauti isiyokuwa yangu, "Mmekuwa mkipima tangu lini?"

"Tangu uliposema."

"Nani na nani?"

"Tuko kumi na tisa. Mwanzo tulikuwa zaidi, wengine wamehamishwa kwa ndugu zao. Ila wawili wanapima hukohuko walikohamishiwa." Akamwaga maji, akarudisha kopo katikati ya mawe yake kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. "Sasa napima la Wakili. Yeye haruhusiwi kutoka."

Ua wa Wakili uko nyuma ya huo. Kopo lake lilikuwa limezikwa nusu ardhini ili upepo usiliangushe, jambo ambalo sikulifundisha. Pacha akapima, akageukia dirisha lenye nondo, akapaza sauti: "Nane!"

"Nane kamili au nane na kitu?" ikajibu sauti ninayoijua kuliko kengele ya shule.

"Nane kamili. Na Mwalimu yupo hapa."

Kisha uso ukatokea kati ya nondo, barakoa imefika machoni.

"Shikamoo Mwalimu. Simama hapo hapo, usisogee. Tumewekwa ndani siku kumi na nne, zimebaki nne."

Nikasimama hapo hapo. Nyuma yake nilimwona mwanamke mdogo, mama yake mdogo, akinisalimia kwa kichwa. Wakili huishi na bibi yake, hilo nililijua. Nikauliza bibi yuko wapi.

"Hospitali. Anapumulia mashine."

Alilisema vilevile kama alivyosema nane kamili. Kisha akasema, "Mwalimu, umekuja kusema basi?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kulisema. Nilitaka kulisema haraka, niombe radhi, niseme mwanangu, yalikuwa mazoezi ya wiki moja, mwalimu wako ni mtu msahaulifu. Lakini niliona vidole vyake kwenye nondo vimekaza. Nikaona kwamba anaogopa hilo neno kuliko mtu anavyoogopa fimbo.

"Hapana," nikasema. "Nimekuja kukagua."

Akashusha pumzi, akaleta daftari. Akalifungulia dirishani, mimi nikisoma kutoka hatua tatu kwa miwani yangu ya kusomea, nikiomba afungue ukurasa mmoja, sasa mwingine. Siku arobaini na moja. Hakuna pengo hata moja. Safu ya tarehe, safu ya milimita, na safu ya tatu aliyoitunga mwenyewe, aliyoiita "Mengine".

Tarehe 25 Machi, siku niliyoandika humu "mvua kidogo", yeye ana milimita thelathini na nane. "Ilinyesha tangu usiku wa manane. Maji yaliingia ndani. Bibi alinibeba." Mimi nilikuwa nimelala.

Tarehe 7 Aprili: "Ukurasa umejaa. Mrefu anataka kuacha, wengi wanataka kuacha. Nimemuuliza Mwalimu kwa simu ya Bibi. Amesema endeleeni vizuri." Amelipigia mstari kwa rula. Mrefu ni mwanafunzi mwenzake, mvulana wa bondeni.

Na tarehe 13 Aprili. Nimerudi nyumbani nikafungua daftari langu kuhakikisha, nikijua fika nilichoandika siku hiyo. Yeye ameandika: "9. Gari limemchukua Bibi saa mbili. Nimepima saa tatu."

Kuanzia hapo kila siku mbele ya namba kuna maneno: "kwa macho ya Pacha Mkubwa". Kwa sababu yeye hakuyaona maji mwenyewe, na hawezi kuandika kama aliyeyaona.

Nilimuuliza kwa nini hakupumzika, hata siku ile. Akanitazama kama ninamtega.

"Nilikuuliza, Mwalimu. Nilisema, na mtu akiugua? Ukasema mvua haiugui."

Nilisimama uani kwa watu, mtu mzima mwenye mvi, nikihamisha mfuko wa barakoa mkono hadi mkono.

Lakini yeye alikuwa hajamaliza. Alitaka nione ukurasa wa mwisho. Wenzake humletea namba zao dirishani, walio mbali hupiga simu ya mama mdogo, naye ameziweka zote kwenye ramani ya mitaa yetu aliyoichora kwa kalamu ya risasi: tangi la maji, soko, shule, na nukta kumi na saba. Wale wawili waliohamishwa kawaandika pembeni, nje ya ramani.

"Nilidhani mvua ni moja," akasema. "Si moja. Angalia. Karibu kila siku kwa mapacha ni nyingi kuliko kwetu, na wao ni ukuta wa pili tu. Kwa Mrefu, kule bondeni, ni nyingi kuliko kwa wote. Inatokea nyuma ya tangi, inashuka kwa mapacha, sisi inaturuka, inakwenda kumwaga kwa Mrefu. Mwalimu, mvua ina njia yake."

Miaka ishirini na minne nimeandika ubaoni: mvua ya eneo letu ni kiasi fulani kwa mwaka. Namba moja kwa watu wote. Nimenyeshewa na mvua hii tangu nizaliwe na sikujua kwamba ina njia.

Mke wangu nimemsimulia yote amesimamisha mashine. Nilipomaliza akafunua kapu lake, akatoa kopo la maziwa alilokuwa anawekea vifungo, akavimwaga mezani, akanipa.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimepima saa tatu kamili. Milimita mia moja na arobaini! Nimempigia simu Wakili kwa fahari.

"Mwalimu, kopo lako umeliweka wapi?"

"Hapa ukutani, lisipigwe teke."

"Chini ya paa?"

Nikatazama juu.

"Unapima bati, Mwalimu."

Jumamosi, 25 Aprili

Milimita 14. Katikati ya ua, mawe matatu. Mke wangu ananipigia makofi dirishani.

Jumatatu, 27 Aprili

Milimita 6. Wakili katoka leo. Pacha anasema kitu cha kwanza alichofanya ni kulichuchumalia kopo lake na kulitazama tu, kama mtu aliyekuwa safarini. Bibi bado yuko kwenye mashine.

Alhamisi, 30 Aprili

Milimita 22. Shemeji amepiga simu, mwisho wa mwezi umefika.

"Shemeji, niongezee muda."

"Mpaka lini?"

Ulimi ukaniponyoka: "Mpaka mvua iishe."

"Mvua! Mimi nafungua duka, wewe unaniambia habari za mvua?"

"Hata hivyo, nani anapaka rangi wakati wa mvua?"

Akafikiri. Ni mfanyabiashara, akikutana na hoja anaitambua. "Haya. Ila nitakuwa naangalia mawingu."

Jumanne, 5 Mei

Milimita 17. Nimeitafuta ile barua juu ya kabati nisiione. Nimeikuta kwenye meza ya cherehani, imekatwa umbo la barakoa, ina tundu la pini kila pembe.

"Ee, ile?" akasema mke wangu. "Nilikosa karatasi ngumu ya kukatia kipimo. Ilikuwa ya muhimu?"

Nilimtazama. Alinitazama. Ndoa yetu ina miaka ishirini na moja, na sijawahi kushinda mchezo huo.

"Naweza kuandika nyingine," nikasema.

"Andika. Na kipimo cha watoto nacho nakihitaji."

Jumamosi, 9 Mei

Milimita 3. Wakili, ambaye hunipigia kila siku akishapima, hakupiga simu, wala hakupokea.

Jumapili, 10 Mei

Milimita 0. Hakupokea. Nimetembea uani mpaka mke wangu akasema nitachimba mtaro. Nimejisemea ningesema lile neno ile siku, ningemwachia mtoto alale. Nimejisemea pia kinyume chake. Sijui.

Jumatatu, 11 Mei

Milimita 12. Simu saa tatu na dakika kumi.

"Kumi, Mwalimu. Samahani, simu ya mama mdogo ilikuwa haina chaji, umeme ulikatika kwetu. Juzi milimita mbili, jana sifuri. Na Bibi ametolewa mashine tangu jana, anapumua mwenyewe."

Alizitaja kwa mpangilio huo. Nilipokata simu niliweka kichwa mezani kati ya barakoa, na mke wangu akaendelea kushona polepole kuliko kawaida.

Ijumaa, 22 Mei

Milimita 4. Bibi amerudi nyumbani. Nilikwenda, nikasimama hatua zangu tatu. Amekaa kwenye kiti mlangoni, amekonda, khanga mbili mabegani, sauti imekuwa ya mkwaruzo.

"Wewe ndiye mwalimu wa kopo."

"Ndimi, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Nilimbebesha mtoto..."

"Ngoja, mwanangu, sina pumzi ya kukukatiza mara mbili." Akatulia, akavuta hewa. "Kule wodini kitanda changu hakikuwa upande wa dirisha. Taa haizimwi. Hujui usiku, hujui mchana. Kila siku mama yake mdogo anapiga simu, muuguzi ananiinamia sikioni: bibi, mjukuu wako anasema leo kumi na nne. Bibi, leo nane. Najua basi kuna siku nyingine imepita nje, na mtoto wangu ameamka, na mvua imenyesha. Mwisho muuguzi mwenyewe alikuwa ananiuliza, bibi, leo bado hawajapiga? Wakazoea hata wagonjwa wenzangu." Akavuta hewa tena. "Kuna mama mmoja jirani yangu alikuwa anataka nyingi. Siku ya milimita thelathini alipiga kofi kitandani. Hakurudi kwake, yule mama. Lakini siku hiyo alifurahi."

Wakili alikuwa amekaa chini kando ya kiti, anachonga kalamu ya risasi, hasikilizi. Au anasikiliza.

"Sasa," bibi akasema, "umekuja kumwambia nini huyu?"

"Sina la kumwambia," nikasema, na nadhani ni mara ya kwanza nimesema hivyo mbele ya mwanafunzi.

"Mwalimu," Wakili akasema bila kuinua kichwa, "kesho ulete rula yako niikague. Nadhani sifuri yake haianzii kwenye ncha ya rula."

Nimeikagua mwenyewe. Haianzii. Kuna milimita tano tupu kabla ya sifuri. Kila namba niliyoandika humu tangu mwezi uliopita imepungua tano, zile ndogo wala sijui nilizisomaje. Nimezirekebisha kwenye karatasi ya pembeni. Humu naziacha, mtu aone.

Jumapili, 31 Mei

Sifuri. Ni ya sita mfululizo. Shemeji kapiga simu kabla hata sijarudi ndani.

"Shemeji! Mawingu hakuna!"

"Hatujui bado. Sifuri sita si kiangazi."

"Hee! Zinatakiwa ngapi?"

"Niulize kesho saa tatu na dakika kumi. Kuna mtu namuuliza."

Alhamisi, 4 Juni

Sifuri. Nimenunua rula mpya ya chuma, sifuri yake iko mwisho kabisa, ina tundu la kutundikia. Nilitaka kuitundika mahali nitakapoiona asubuhi nikinywa chai. Nyumba nzima ina msumari mmoja wa hivyo. Nikauondoa ufunguo, nikatundika rula. Ufunguo ukabaki kiganjani, mzito kweli kama alivyosema.

Mchana nimempelekea. Alikuwa kwenye duka jipya, mlango umepakwa ile kijani ya katikati, na nakiri imependeza.

"Kwa hiyo watoto wamekushinda?" akaniuliza. Hakukasirika, aliniangalia kama mtu anayetafuta kasoro kwenye bati asiione.

"Uliniuliza kama wameelewa. Nikakosa jibu."

"Sasa unalo?"

"Ninalo. Mimi ndiye nilikuwa sijaelewa."

Akacheka, akanipa kopo tupu la rangi, la lita nne, limenyooka ubavu, jipya. "Kapelekee watu wako."

Ijumaa, 26 Juni

Sifuri. Shule Jumatatu. Mke wangu ameshona barakoa arobaini na tatu za darasa la sita, kwa kipimo cha barua yangu ya pili. Niliiandika kwa karatasi nzuri zaidi, kama alivyohitaji, na sikujaza tarehe.

Jumatatu, 29 Juni

Madawati yamesogezwa mbalimbali, darasa limekuwa kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno. Wamerefuka. Sauti mbili tatu za wavulana zimekuwa nzito kiasi kwamba nilidhani ni wageni. Wamesimama, "Shikamoo Mwalimu", nikaitika, na hapo pua ikaanza. Chafya saba ndani ya barakoa. Niliwasikia wakihesabu kwa kunong'ona.

Nilikuwa nimejiandaa. Jana nzima nilitunga maneno ya kuwaambia, juu ya siku mia moja na nane, juu ya ramani, juu ya kitanda kisicho na dirisha. Nikageukia ubao, nikashika chaki, nikaandika tarehe, na maneno yote yakanipotea kichwani kama maji yaliyomwagwa.

Mkono ukapanda nyuma. Nilijua ni wa nani.

"Ndiyo, Wakili."

Akasimama. Daftari la pili, maana la kwanza limekwisha, alikuwa amelibana kwapani.

"Mwalimu, hujasema basi."

Jozi arobaini na moja za macho, juu ya vitambaa vya mke wangu, zikanitazama kinywani. Wawili bado hawajarudi. Wako huko walikohamishiwa, na najua wanafanya nini saa hii.

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne. Nje jua lilikuwa kali, uwanja mkavu, lile kopo la rangi nililoliweka asubuhi katikati yake, hakuna wingu hata la kusingizia.

Nikachukua rula. Tukatoka nje, wote, kwenda kuandika sifuri.